Masters ya ustawi wa jamii Marekani: nichague chuo kipi, na nyumba niitafute vipi?

Zuhura_Kisauni

Asalaam aleikum jamani. Nina digrii ya sosholojia na kazi yangu ni ulinzi wa watoto hapa Mombasa. Nimepata nafasi ya masters ya ustawi wa jamii katika vyuo viwili vya umma Marekani. Kimoja kiko New York City: karo yake ina nafuu, kodi za nyumba ndizo zinazotisha. Cha pili kiko mji mdogo wa majimbo ya kati. Karo imezidi kidogo, lakini chumba ni karibu nusu ya bei. Wote wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ufadhili sina, natumia akiba na mchango wa familia. Wenye ujuzi naomba mnisaidie: nivipime vipi vyuo hivi? Na nyumba niitafute nikiwa huku au nisubiri nifike?

Mwalimu_Tudor

Wa aleikum salaam dada Zuhura, hongera sana. Kabla ya karo na kodi, fungua orodha ya CSWE, baraza linalotoa ithibati kwa kozi za ustawi wa jamii Marekani, uzitafute kozi zote mbili kwa jina. Chuo kinaweza kuwa na ithibati yake safi na kozi yenyewe ikawa haina. Ukikuta kozi bado iko katika hatua ya kuomba, uliza uamuzi unatarajiwa lini, maana leseni za kazi hii huko zinadai masters yenye ithibati hiyo.

Kwa digrii ya sosholojia utaingia kozi kamili ya miaka miwili, kwa kawaida krediti 60. Njia ya mkato ya mwaka mmoja hivi ni ya wenye digrii ya kwanza ya ustawi wa jamii iliyoidhinishwa na CSWE, au ya nje iliyopitishwa na kitengo chao cha kutathmini digrii za kigeni. Ajenti akikuambia utamaliza kwa mwaka mmoja, mwambie akuonyeshe hilo kwenye barua ya chuo. Bajeti yako ni ya miaka miwili.

Sasa njoo kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Watu huiacha mwisho, nayo ndiyo inayoamua utakaa wapi na utatumia kiasi gani. CSWE inadai saa zisizopungua 900. Mpangilio wa kawaida ni siku 2 kwa wiki mwaka wa kwanza, yaani saa 16, na siku 3 mwaka wa pili, saa 24. Masomo yanajazwa katika siku zilizobaki. Kwa hiyo usiipigie kodi hesabu kwa kutegemea zile saa 20 za kazi za chuoni ambazo viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu wakati wa muhula. Sheria inakuruhusu, wiki yenyewe haitoshi.

Andikia ofisi ya atachimenti ya kila chuo, si ofisi ya udahili. Uliza nafasi hutafutwa na chuo au na mwanafunzi mwenyewe, wanafunzi wa mwaka jana walipelekwa umbali gani, na wangapi walihitaji gari. Mji mdogo ndipo mtego ulipo. Mashirika ya watoto huwatuma wanafunzi kuzitembelea familia majumbani, na kwenye kaunti isiyo na basi mtu asiye na gari na leseni ni vigumu kupangiwa. Chumba cha nusu bei ukikiongezea gari, bima, mafuta na matengenezo, ile nusu inaisha. New York unakwenda kwa treni na basi, usiku na mchana.

Jambo jingine: posho za Title IV-E, fedha za serikali ya Marekani kwa wanaosomea ulinzi wa watoto, na zile za HRSA, wakala wa afya wa serikali hiyo, za afya ya akili, utaziona zimetangazwa kwenye tovuti za vyuo. Mara nyingi zinadai uraia au ukaazi wa kudumu. Usiziweke kwenye hesabu yako.

Kaka_Makupa

Dada, bweni la wanafunzi wa masters liombe leo, hata kabla hujachagua chuo. Angalia tu kama ada ya maombi inarudishwa. Bweni huonekana ghali ukilitazama kwa mwezi, lakini mara nyingi umeme, maji, joto na intaneti vimo, hakuna anayekuuliza historia ya mikopo, na mkataba huweza kuwa wa miezi 9 badala ya 12. Linganisha kwa mwaka. Kwa mfano, chumba cha mtaani cha dola 700 kwa miezi 12 ni 8,400 kabla ya bili. Bweni la 850 kwa miezi 9 ni 7,650 na bili zimo. Hesabu hiyo inakufaa kama miezi ya kiangazi una pa kukaa.

Mtaani New York, wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi. Nyumba ya 1,500 inadai kipato cha 60,000. Usipokuwa nacho wanataka mdhamini mwenye mara 80, yaani 120,000, na kwa kawaida awe anaishi huko huko Marekani. Mjomba hata awe na ghorofa Nyali hahesabiwi. Ndiyo maana njia iliyo wazi kwa mgeni ni chumba ndani ya nyumba ambayo tayari ina mpangaji. Hapo hakikisha jina la mpangaji huyo limo kwenye mkataba, na kwamba mwenye nyumba ameridhia akupangishe. Kama hana haki hiyo, akitolewa yeye nawe unatoka, na pesa uliyompa yeye utaidai kwake.

Sheria ziko upande wako, zijue. Katika jimbo la New York, tangu 2019, dipoziti haizidi kodi ya mwezi mmoja, na ada ya kukukagua kama mpangaji haizidi dola 20. Ndani ya jiji, tangu Juni 2025, dalali hulipwa na aliyemwajiri. Dalali wa mwenye nyumba hana haki ya kukudai wewe.

Kutafuta anza ukiwa huku, pesa usitume kwa picha peke yake. Tapeli ana mtindo wake: bei iko chini kuliko mtaa mzima, mwenye nyumba "yuko safarini", ufunguo utatumwa ukishalipa kwa njia ambayo haiwezi kurudishwa. Taka simu ya video. Mwambie aanzie barabarani aonyeshe namba ya jengo, aingie bila kukata, afungue bomba la maji moto, akuonyeshe kitasa cha mlango wa chumba. Vyuo vingi vina chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Andikia hao, mmoja akakuangalilie kwa macho.

Sisi Mombasa ukienda kuona nyumba la kwanza ni kuuliza maji: ya mfereji au ya kisima, yanatoka siku ngapi. Huko uliza joto. Jijini New York, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, mwenye nyumba lazima ahakikishe ndani kuna nyuzi 68 za Fahrenheit mchana, kama 20 za Selsiasi, nje kukiwa chini ya 55. Usiku nyuzi 62. Kwenye mji mdogo mambo hubadilika: nyumba nyingi ni za mbao, kuukuu, na mpangaji hulipia gesi ya joto mwenyewe. Omba bili za Januari na Februari za mwaka uliopita. Asiyetaka kuzionyesha, endelea kwa mwingine.

Bi_Saumu

Mwanangu, nyumba umeelezwa vizuri. Mimi nakuhimiza chanjo, kwa sababu zina muda wake na hazikimbizwi. Jimbo la New York linadai uthibitisho wa surua, matumbwitumbwi na rubela kwa wanafunzi wa vyuo. Kadi zetu za kliniki zina surua, lakini chanjo ya matumbwitumbwi haimo kwenye ratiba ya watoto ya Kenya. Tafuta MMR, chanjo ya zote tatu kwa pamoja, dozi 2, zipishane siku 28 au zaidi.

Hospitali na kliniki za atachimenti huulizia pia homa ya ini B. Iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2001 ndani ya ile chanjo ya pentavalenti, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata. Dozi ni 3: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukianza Aprili, ya mwisho inaangukia Oktoba. Anza sasa ili ufike huko na mbili mkononi na tarehe ya ya tatu.

Kipimo cha TB, omba cha damu, kinaitwa IGRA. Sisi tulichanjwa BCG, chanjo ya TB, utotoni, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba bila ugonjwa wowote. Ukianza kufuatiliwa kwa eksirei, atachimenti inachelewa. Na kwa kuwa utakuwa na watoto, chukua cheti cha maadili mema cha DCI kabla hujaondoka. Maombi ni kwenye eCitizen, kisha alama za vidole. Kukishughulikia ukiwa nje ni taabu tupu.

Zuhura_Kisauni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Ofisi ya atachimenti ya mji mdogo imejibu: wengi huhitaji gari mwaka wa pili. New York wanasema chuo ndicho kinachotafuta nafasi, na hakuna aliyelazimika kuwa na gari mwaka jana. Nimeelemea New York. Wametaja kitu kinaitwa CPT sikukielewa. Na kuna wasichana watatu wanatafuta wa nne kwenye mkataba mmoja kuanzia 1 Septemba, ilhali chuo kinataka wageni tufike wiki ya tatu ya Agosti.

Mwalimu_Tudor

CPT ni kibali cha kufanya atachimenti nje ya chuo ukiwa na F-1. Hutolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na huandikwa kwenye I-20 yako, ile fomu ambayo chuo hukupa ya kuombea viza: jina la shirika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Usikanyage kazini kabla hakijaandikwa, hata kama hulipwi senti. Kawaida mtu husubiri mwaka mmoja wa masomo ndipo apewe, ila masters ambazo mtaala wake unadai atachimenti tangu mwanzo zimeruhusiwa. Waulize watakupa lini. Zaidi ya saa 20 kwa wiki huhesabiwa kuwa CPT kamili, na ukifikisha miezi 12 ya CPT kamili unapoteza OPT, kile kibali cha kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu. Saa 24 kwa miezi 9 hazikufikishi huko.

Ukiwa na I-20 mbili, lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, kwa ile I-20 ya chuo ulichochagua tu, dola 350, kabla ya mahojiano. Viza ni 185 nyingine, na mahojiano ni Nairobi, ubalozini Gigiri. Hutaruhusiwa kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, kwa hiyo tiketi ikatwe kwa kuitazama tarehe hiyo.

Kaka_Makupa

Mkataba mmoja wa watu wanne kwa kawaida maana yake kila mmoja anadaiwa kodi yote, si robo yake. Mmoja akiondoka Desemba, pengo lake ni lenu mliobaki. Uliza kama mwenye nyumba anatoa mkataba kwa kila chumba. Akikataa, muandikiane nyinyi wanne: anayetoka lazima alete mtu wa kushika nafasi yake kabla hajahama.

Zile wiki za Agosti, ulizia chuo kama mabweni yana vyumba vya muda kwa wageni. La sivyo tafuta mwanafunzi anayepangisha chumba chake cha kiangazi. Mwezi huo wako wengi, na bei inazungumzika.

Siku ya kuingia piga picha kuta zote, sakafu, jiko, choo na madirisha kabla hujaweka begi chini, umtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Ukihama, New York anazo siku 14 za kukurudishia dipoziti, na kama amekata chochote akuandikie amekata nini na kwa kiasi gani.