Kiwandani wanapunguza watu, nisaini fomu ya hiari au nisubiri?

Laini_ya_Nne: Wakuu naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni. Kiwandani wanapunguza watu, tumepewa fomu za kuondoka kwa hiari, ukisaini mapema unaongezewa kidogo, ukikaa wakakukata unapata stahiki za kawaida tu. Huku kwetu kiwanda ndo hicho hicho, ukitoka hapo ni kukaa barazani. Usingizi sipati. Nisaini?

Bi_Subira: Usisaini leo. Soma kipengele cha mwisho, mara nyingi kinasema hutadai chochote tena. Chama cha wafanyakazi wameitwa mezani? Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 158 wa 1982 unamtaka mwajiri ajadiliane na wawakilishi kwanza, kama nchi yenu imeuridhia.

Kaka_Mkubwa: Mimi kiinua mgongo changu nilifungulia banda la kuku. Wakafa wote, na mimi karibu.

Msomaji_tu: Kuna kijiji Austria kinaitwa Marienthal, kiwanda cha nguo kilifungwa kama mwaka 1930 hivi, watafiti wakakuta watu wana muda tele ila vitabu wanaazima vichache kuliko walipokuwa kazini, na wanaume wanatembea polepole barabarani.

Fundi_Spana: Mleta uzi kuna kitu umekiruka. Una cheo gani humo?

Laini_ya_Nne: Supavaiza. Sasa?

Fundi_Spana: Majina anatoa nani?

Laini_ya_Nne: Ok, natoa mimi ya laini yangu. Wa mwisho kuingia, ambaye ndo angetoka kwanza, ni mdogo wake wife, ila nidhamu nayo inahesabiwa na kuna mzee mmoja mchelewaji, nimemuweka yeye kwa penseli. Msinihukumu, watoto wake wanajitegemea.

Bi_Subira: Kumbe fomu unaitaka ili ukimbie kabla orodha haijabandikwa!

Mja_wa_Mola: Jasho la mtu haliliwi ukabaki salama, mdogo wangu.

Kaka_Mkubwa: Shemeji ana dada mwingine hajaolewa?

Chunguza: Chai. Majina yanatoka rasilimali watu, supavaiza anajaza alama tu. Penseli tena!

Laini_ya_Nne: Hizo alama ndo zenyewe, nikimpa 2 kwenye mahudhurio keshaondoka. Kesho asubuhi naipeleka orodha, semeni nisaini fomu yangu kabla au baada?

Fundi_Spana: Mahudhurio si yapo kwenye mashine ya kidole getini? Wakilinganisha na hiyo 2 yako?

Chunguza: Yuko mtandaoni na hajibu. Niliwaambia.

Msomaji_tu: Au anafuta.

Kaka_Mkubwa: Afute, ila la dada anijibu kwanza.