Kufungasha kwa ajili ya gorila wa Bwindi: nini kibebwe, nini kiachwe?

Mgeni_wa_Mlima: Habari wadau. Tuko wawili, tuna vibali vya kwenda kuona gorila kwenye msitu wa Bwindi, Uganda, upande wa Rushaga, katikati ya Aprili. Tunatoka Entebbe kwa ndege ndogo hadi Kisoro, mzigo mwisho kilo 15 kwa mtu. Nimeandaa jinzi mbili, suruali ya mabakamabaka, raba na koti jepesi la mvua. Vinatosha? Na glavu ni za lazima kweli?

Matope_Tele: Jinzi ziache. Ikilowa haikauki siku hiyo, inakuwa nzito na kukuchubua mapaja. Mabakamabaka ndiyo usithubutu: Uganda raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi.

Vaa suruali ndefu ya kitambaa kinachokauka upesi, na ndani yake taitsi. Hiyo taitsi si ya baridi, ni ya upupu. Vinywele vyake hupenya kitambaa kimoja chembamba, hasa gotini, pale suruali inapobana ukipanda. Soksi ziwe ndefu, na pindo la suruali lichomekwe ndani pande zote. Ukichomeka nusunusu siafu wanapandia kwa ndani, na hutajua mpaka wameshafika pajani.

Raba hazina meno kwa miteremko ile, na Aprili ni masika. Tafuta buti zinazoshika kifundo, uzivae wiki kadhaa kabla ya safari. Kucha za miguu zikate mapema, maana kwenye kushuka kidole gumba ndicho kinachogonga mbele. Gambuti huzuia maji vizuri, ila kisigino hucheza ndani na malengelenge hayakawii.

Fundi_Mikoba: Glavu ndiyo, tena zile za bustani zenye mpira kiganjani. Za sufu upupu unapenya. Ukiteleza mkono hushika chochote kilicho karibu, na mara nyingi ni mwiba.

Koti liwe na kofia na mishono iliyozibwa. Lile la kujitupia kama shuka hunaswa na matawi kila hatua. Mkoba wa lita 25 unatosha: maji lita 2, chakula cha mchana, soksi kavu. Mkijaaliwa kuvuka kwenda kuona gorila wa Kinigi, Rwanda, msifungie vitu kwenye mifuko ya plastiki. Kule imepigwa marufuku tangu 2008. Tumieni mifuko ya kitambaa kisichopenya maji.

Lenzi_Kavu: Wengi hupanga mkoba vizuri halafu wanausahau ukweli mmoja: mkiikaribia familia ya gorila, mikoba, fimbo na chakula vinabaki nyuma kwa wapagazi. Saa yako moja unaitumia na kilichomo mfukoni tu. Kwa hiyo suruali iwe na mifuko ya zipu: betri ya akiba, kadi, kitambaa cha lenzi, barakoa. Barakoa beba tatu. Ya kwanza huwa imeshalowa jasho kabla hata hamjafika, na bila barakoa husogei karibu.

Mweko (flashi) hauruhusiwi, zima pia ile taa ndogo ya kamera inayosaidia kulenga gizani, wengi huisahau. Lenzi ya milimita 70–200 inafaa zaidi. Ile ndefu ya 400 itakupa pua tupu, na chini ya miti mwanga ni haba: anzia ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga).

Mgeni_wa_Mlima: Asanteni sana wakuu. Rangi je? Nimeambiwa nikwepe nyeusi na bluu.

Matope_Tele: Huo ni ushauri wa mbung'o, wa mbugani. Kwenye baridi ya Bwindi hauna kazi. Kijani, kahawia, kijivu, yoyote iliyopoa. Nyeupe itaharibika tu.

Fundi_Mikoba: Kuhusu kilo 15: begi liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu, na buti mzivae hukohuko kwenye ndege. Pasipoti isibaki hotelini, kwani asubuhi inalinganishwa na kibali kabla hamjagawiwa makundi.