Ushauri: treni ya kulala Mumbai–Delhi, watu watatu, Desemba

BintiKibokoni
Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi, mdogo wangu wa kike na kaka yetu tunaondoka Mombasa Desemba kwenda India, kila mmoja na begi lake la mgongoni tu. Tunataka kulala ndani ya treni kutoka Mumbai hadi Delhi, tuokoe pesa za hoteli usiku huo, kisha turudi Mumbai vivyo hivyo kupanda ndege ya nyumbani. Sisi tumezoea SGR ya kuketi mpaka Nairobi, hii ya vitanda hatuijui. Tiketi tuliyokata mtandaoni ni daraja SL, yaani vitanda vya kawaida, na imeandikwa GNWL38/WL21. Je, tutapanda? Mabegi tuyaweke wapi? Na sisi wanawake tuchukue kitanda gani? Ahsanteni.

Reli_na_Bahari
Waalaykum salaam dada. Tuanze na hiyo tiketi, maana mengine yote yanaitegemea. WL ni foleni, bado hamjapata kitanda. 38 ni mlipoingia foleni siku mliyokata, 21 ni mlipo sasa. Walio mbele yenu wakifuta safari, mnasogea. Chati, yaani orodha ya mwisho ya abiria, ikitoka nanyi nyote mko WL, tiketi ya mtandaoni hujifuta yenyewe na pesa hurudi baada ya kukatwa ada kidogo. Msije mkapanda nayo behewa la vitanda, mkaguzi atawahesabu kuwa hamna tiketi.

Kabla ya kufikia CNF, ambayo ndiyo kitanda kamili, kuna RAC. Ukiwa na RAC unaruhusiwa kupanda, ila watu wawili hugawana kitanda kimoja cha chini cha pembeni, mmeketi, mpaka mkaguzi apate kilichobaki wazi. Usiku kucha hivyo ni mateso. GNWL, foleni ya wanaopanda stesheni ya mwanzo, angalau ina matumaini kuliko PQWL na RLWL, foleni za stesheni za katikati, kwa sababu stesheni ya mwanzo ndiyo yenye mgao mkubwa wa vitanda.

Ushauri wangu: msingojee foleni hiyo. Mauzo ya kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na treni maarufu hujaa upesi. Lakini baadhi ya treni zina mgao wa watalii wa kigeni, na huo hufunguliwa siku 365 kabla. Utauona kwenye IRCTC, tovuti ya tiketi za reli ya India, ukiwa na akaunti ya mgeni, au nenda na pasipoti halisi ofisi ya watalii ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza. Nje hapo mtu atawaambia ofisi imefungwa au imehama. Msimsikilize, pandeni ngazi mjionee wenyewe. Tatkal, zile tiketi za siku moja kabla, msizitegemee: tangu Julai 2025 ukikata mtandaoni inatakiwa akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India.

Fundi_Changamwe
Naongezea upande wa daraja. SL haina AC wala shuka, na madirisha yake ni ya kufunguka, yana nondo. Desemba usiku, kadiri treni inavyokaribia Delhi, upepo unaoingia humo si wa mtu wa pwani. Chukueni 3A, daraja la AC: vitanda vitatu kwenda juu, shuka, mto na blanketi vimo ndani ya nauli. 2A ina vitanda viwili kwenda juu na pazia. 1A ni chumba chenye mlango, cha watu wawili au wanne, na bei yake si ya safari kama yenu. Rajdhani, treni ya haraka ya Mumbai Central kwenda New Delhi, husafiri karibu kilomita 1,384 kwa takriban saa 16. Treni hiyo haina SL kabisa.

Kitanda utakijua kwa namba. Katika 3A na SL, gawa namba kwa 8 utazame baki. Baki 1 au 4 ni cha chini, 2 au 5 cha kati, 3 au 6 cha juu, 7 cha pembeni chini, na ikigawanyika sawasawa ni cha pembeni juu. Mfano 43: nane mara tano ni 40, baki 3, basi ni cha juu.

Nyinyi mabinti ombeni vya juu. Hakuna atakayekuomba usogee aketi, wala anayepita njiani hakufikii kwa urahisi. Kaka yenu achukue cha chini, mabegi yawe chini yake. Ajue tu kwamba mchana cha kati hukunjwa na cha chini huwa kiti cha wote. Muda rasmi wa kulala ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Vya pembeni ni vifupi na viko njiani, mtu mrefu ataumia miguu.

Mama_Leso
Mwanangu, chini ya kitanda cha chini mtaona vipete vya chuma. Nunueni mnyororo mwembamba na kufuli, hata pale stesheni huuzwa. Mnyororo upite kwenye mshikio ulioshonwa imara wa kila begi, si kwenye zipu, maana zipu hukatwa kwa kalamu tu. Begi likijazwa sana juu halitaingia, bora lilale bapa. Pasipoti, pesa na simu zilale mwilini, si chini ya mto. Wizi huwa treni inaposimama usiku watu wamelala fofofo.

Beba kikoi au leso, utajifunika juu ya lile blanketi. Champali za chooni, sabuni, na chaja yenye adapta, kwani plagi zao ni za pini za mviringo, zetu haziingii. Chakula, agizeni cha mboga, hapo halali haikusumbui. Kwa kuswali, kibla huko ni magharibi, si kaskazini kama kwetu, na treni inapinda, basi tazameni dira kila mara.

BintiKibokoni
Mungu awalipe. Je, tukirudi Mumbai siku ileile ya ndege ya usiku itafaa?

Reli_na_Bahari
Hapana dada. Mwisho wa Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni kwa saa nyingi. Dereva haoni taa za ishara mapema, hivyo hupunguza mwendo, na treni iliyochelewa kufika Delhi huchelewa pia kuondoka. Acheni siku nzima Mumbai kabla ya ndege.

Tazameni pia tarehe. Treni ya 00:20 tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia 14. Ukienda stesheni jioni ya tarehe 14, imeshaondoka tangu jana yake usiku. Na soma jina la stesheni lote: Mumbai Central, CSMT, Bandra Terminus na Lokmanya Tilak ziko mbali mbali, na foleni ya magari huko ni ndefu. Jukwaani simama penye kibao cha behewa lako, B2 kwa mfano. Treni ina urefu wa karibu nusu kilomita, hutaki kuikimbilia na begi mgongoni.

Mama_Leso
Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano! Mkitoka Kenya wataidai, na chanjo iwe imefikisha siku 10 kabla ya kuingia India. Bila hiyo mnaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.