Duka la Wajapani hapa Sawtelle linabandika tarehe mpya juu ya sushi ya jana

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, na picha ninazo.

Naishi West Los Angeles, jirani na mtaa wa Sawtelle. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, shifti inaanza saa saba mchana, na muda wa kukaa mgahawani sina. Hela pia sina. Ukikaa kwenye mgahawa wa sushi mtaa huu, ukajumlisha kodi na bakshishi, dola 30 zimekwenda na tumbo halijajaa. Ndiyo maana kwa miaka minne nimekula kiboksi cha kubeba kutoka duka la vyakula la Wajapani lililo karibu na kwangu. Dola 8: vipande sita vya wali ulioviringishwa na jodari mbichi ndani ya mwani, sita vya tango, tangawizi pembeni. Unalipa, unaondoka.

Na kilikuwa kizuri kweli. Wali laini, punje zimeshikana bila kupondeka, siki unaisikia kwa mbali. Nimekulia Tanga, samaki wa leo na wa jana nawatofautisha, na pale sikuwahi kupata mashaka hata siku moja.

Miezi miwili iliyopita wali ukaanza kuwa mgumu. Wali wa sushi ukilala kwenye friji, wanga wake unakaza, unatafuna punje moja moja. Na friji haikwepeki: kwa sheria za hapa samaki mbichi anatakiwa akae kwenye nyuzi 5 au chini yake. Wali peke yake ungeweza kukaa nje kwa ajili ya siki, mradi pH yake, yaani kipimo cha uchachu, isizidi 4.6 (namba ikishuka, uchachu umepanda), lakini ukishaviringishwa na jodari vyote vinaingia kwenye baridi. Kwa hiyo sushi ya namna hii ina saa zake. Inatengenezwa asubuhi, inaliwa siku hiyohiyo.

Nikajisemea labda wamebadilisha mpishi. Nikaendelea kununua.

Juzi nimeshika kiboksi, nikaona kona ya stika imenyanyuka. Nikaikwangua kwa ukucha. Chini yake kuna stika nyingine: jina lilelile, bei ileile, tarehe ya siku iliyotangulia. Nikachukua kiboksi cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, hivyohivyo. Mwani umelowa, umeng'ang'ania wali. Jodari amebadilika rangi pembezoni, anaelekea hudhurungi.

Nikampelekea kijana wa kaunta. Akasema mashine ya stika ilikosea. Mashine ikosee viboksi vitatu, vyote kwa tarehe ya jana? Nikaomba meneja. Akaja, akanisikiliza, akaamuru nirudishiwe dola 8 zangu ambazo hata sikuwa nimelipa! Nilipomwambia sijalipa, akakichukua kiboksi mkononi mwangu, akaibonyeza stika kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawa, akakirudisha kwenye friji. Mbele yangu.

Wakuu, mimi kiporo nakula. Nimekula wali wa kiporo na chai utoto wangu wote. Kiuze kama kiporo! Huko Japani kwenyewe jioni ikifika wafanyakazi wa supamaketi wanapita na stika za punguzo, mpaka nusu bei, wanaiita hangaku, na watu wanasubiri saa hiyo kwa hamu. Mnunuzi anajua anachonunua, anakila usiku huohuo. Hawa wanachukua bei kamili na wananificha umri wa samaki mbichi ninayemtia mdomoni.

Na kinachoniuma zaidi si mimi. Kuna bibi wa Kijapani, anatembea na mkongojo, tunapishana pale karibu kila siku. Mtaa huu walikaa Wajapani watunza bustani na wenye vitalu vya maua, wakang'olewa wote 1942 na serikali ya Marekani wakati wa vita na Japani, wakapelekwa kambini, waliorudi wakaanza upya. Mwaka 2015 jiji likautambua rasmi kama Sawtelle Japantown. Duka la namna hii liko pale kwa ajili ya watu kama yule bibi. Nafanya kazi na wazee, nimeona kuhara kwa siku mbili kunavyomlaza mtu wa miaka 85. Yeye hakwangui stika. Anaamini.

Malalamiko nimeshayapeleka idara ya afya ya kaunti, pamoja na picha sita. Mlangoni bado imebandikwa ile herufi A ya ukaguzi wa usafi, alama ya juu kabisa. Nasubiri majibu, yakija nitayaweka hapa.

Mlioko Palms, Mar Vista, Culver City: pitisheni kidole juu ya stika kabla ya kulipa, mkihisi ni mbili pigeni picha. Na kama kuna mtu anajua duka jingine linalopanga sushi yake asubuhi, isizidi dola 10, niweze kufika kwa basi kabla ya saa saba, tafadhali aniandikie. Leo nimekwenda kazini na mkate mkavu.