Tecno, Samsung au niletewe simu kutoka Marekani?

Mwana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Simu yangu imekufa kioo, mwisho wa mwezi nachukua nyingine. Nipo kati ya Tecno na Samsung, au nimsubiri shemeji aje nayo kutoka Dallas Desemba. Kinachonichanganya, nilipomtajia Tecno akaniuliza ndiyo nini hiyo. Miaka tisa yuko kule hajaiona dukani! Simu iliyojaa Kariakoo nzima?

Sharubati: Bajeti? Laini ngapi? Unaulizia shati bila kutaja saizi.

Mzee wa Aggrey: Tecno, Infinix na itel ni mama mmoja, Transsion ya Shenzhen. Walianza 2006, wakaitolea macho Afrika. China kwenyewe hazina jina. Walikuta tunatembea na laini tatu maana kupiga mtandao mwingine ilikuwa ghali, wakatuwekea laini mbili. Umeme wa mgao, wakaleta betri kubwa. Kamera za wengine usiku zilikuwa zinatutoa meno tu, wakazirekebisha. Kioo kikipasuka spea zipo, Carlcare, kituo chao cha matengenezo, au kwa fundi yeyote. Nina meza ya simu hapa mtaa wa Aggrey, nisifiche.

Bi Tausi: Mzee unavutia kwako. Samsung yangu ya A ina mwaka wa nne, haimjui fundi.

Chaji Asilimia Mbili: Ya Marekani niulizeni mimi. Mwaka juzi binamu alinitumia simu, ya kampuni gani sisemi. Imefika inang'aa, nailoni haijatolewa. Naweka laini, inakataa. Kumbe kule wengi huchukua simu kwenye kampuni ya mtandao, wanalipa kidogo kidogo kila mwezi, na deni lisipoisha simu inabaki imefungwa kwa mtandao huo. Binamu alibakiza miezi kumi na minne! Fundi wa kwanza kala elfu thelathini, wa pili hamsini, wa tatu kairudisha haina hata sauti. Sasa hivi mwanangu anaangalizia katuni kwa waifai ya jirani. Katuni bubu.

Sharubati: Na iPhone za kule kuanzia 14 hazina tundu la laini, ni eSIM tupu, laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Za China zinaingia laini mbili. Simu ileile.

Bi Tausi: Hayo malipo ya kila mwezi ndiyo yamejaza iPhone Marekani. Bei nzima hawaisikii. Halafu meseji yako ikitokea ya kijani kwenye iPhone ya mwenzio, maana yake hutumii iPhone, wanakuona wa kuja. Sisi WhatsApp imetutia chungu kimoja.

Wa Eastleigh: Hata huku Nairobi simu za mkopo zipo. Unalipa kila siku kwa M-Pesa, ukilala inajifunga. Mbona iPhone haijajaa?

Bi Tausi: Mkopo wa simu gani, ndugu yangu? Taja bei.

Mwana wa Mbagala: Laini mbili, Voda na Airtel. Huawei je?

Sharubati: Tangu Marekani iibane 2019, simu zake mpya zinakuja bila Google. China hawana shida, Google hawakuwa nayo. Wewe YouTube utaipata kwa kuzunguka. BAJETI, mkuu.

Chaji Asilimia Mbili: Chukua kitochi, wiki nzima hukumbuki chaja.

Wa Eastleigh: Kitochi uulizie eSIM sasa 😂

Mzee wa Aggrey: Mleta mada, hiyo iliyokufa kioo ni simu gani? Isije ikawa kubadilisha kioo tu kunatosha.

Bi Tausi: Haya, Mzee kapata mteja.