Nawaandikaje wazazi wangu bila kuwapamba?

Habari zenu. Niko Newala. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla hata ya arobaini yake. Kila nikiandika yanatoka maneno ya msibani: "walikuwa watu wema." Lakini baba alininunia miaka 2 kwa ajili ya shamba la mikorosho. Niyaandike hayo?

— Pole sana, dada. Yaandike.

— Mwanangu, mimi nilianza na vidole vya mama, vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho akibangua. Nililia hadi daftari likalowa. Hasira ikaja baadaye, nikaiandika nayo.

— (Muulizaji) Ahsante, mama. Jembe la baba liko nyuma ya mlango, bado lina udongo. Sijaweza kuupangusa. Nitaanzia hapo.