Tupeane uzoefu: mji wa kulala njiani katika safari ndefu ya treni Ulaya

Mwanzisha mada:
Wapendwa, ninaishi London, na mwezi Mei ninatarajia kusafiri kwa treni hadi Vienna pamoja na mama yangu, ambaye atakuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Mama haogopi ndege, ila amesema wazi kwamba angependa kuiona nchi inavyobadilika dirishani, nami sina sababu ya kumnyima. Ilikuwapo treni ya usiku iliyomchukua abiria Paris na kumwamshia Vienna, lakini huduma hiyo, iliyorejeshwa Desemba 2021, ilisitishwa tena Desemba 2025, kwa hiyo hatuna budi kulala mahali. Magoti ya mama hayapatani na ngazi. Naomba waliokwisha kupita njia hizi waeleze walilala mji gani na kwa nini waliuchagua.

Aliyelala Strasbourg:
Mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi na mume wangu tulilala Strasbourg, na sababu kubwa ilikuwa Paris yenyewe. Treni za London huishia Gare du Nord, na zile za kwenda mashariki huondokea Gare de l'Est, ambayo ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu, wakati anayekwenda Italia hulazimika kulivuka jiji hadi Gare de Lyon. Kwa ajili ya magoti ya mama, msikubali kupitishwa rue d'Alsace, kwa sababu ina ngazi. Fuateni boulevard de Magenta, hata kama inaonekana kuzunguka. Baada ya hapo ni chini ya saa mbili hadi Strasbourg, nasi tukapata jioni nzima ya kutembea Grande Île, mji wa kale uliozungukwa na maji, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Kasoro yake ni siku ya pili, ambayo ilikuwa ndefu na ilitutaka kubadili treni Stuttgart na tena Munich, jambo ambalo nisingemtakia mtu mzima mwenye mizigo.

Mwanafunzi wa Munich:
Mimi hufanya kinyume cha dada hapo juu. Ipo treni ya moja kwa moja kutoka Paris hadi Munich, inayochukua karibu saa sita, nami huona afadhali kuumaliza ugumu wote siku ya kwanza, ili kesho yake ibaki safari ya saa nne tu hadi Vienna. Kwa kijana ni mpango mzuri. Kwa mama wa Tanga aliyeamka alfajiri kuiwahi treni ya London, sina hakika.

Mkaazi wa Cologne:
Ndugu mwanzisha mada, naona wachangiaji wote wanapitia Paris, ilhali njia ya Brussels ina faida moja ambayo mama ataishukuru: treni ya London na ya Cologne zote hutumia stesheni ileile ya Brussels-Midi, kwa hiyo hakuna kutoka nje na kuburuta masanduku barabarani. London hadi Brussels ni saa mbili, na Brussels hadi Cologne ni chini kidogo ya saa mbili nyingine. Mkiondoka asubuhi, alasiri mmefika, na kanisa kuu lenye minara ya mita 157 liko mlangoni mwa stesheni, kiasi kwamba hata asiyeweza kutembea mbali ataliona.

Nilipompokea shangazi yangu hapa nilimtafutia hoteli upande wa pili, unaoitwa Breslauer Platz, na kutoka hapo tulitembea polepole hadi Weidengasse, mtaa uliojaa mikahawa ya Waturuki, ambako alikula nyama choma na wali bila kuuliza mara mbili kama ni halali. Hili la chakula watu hulidharau wanapochagua mji wa kulala, nami naliweka juu kuliko makumbusho yote. Mkifika Jumapili, kumbukeni kwamba maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa yale ya ndani ya stesheni kubwa, hivyo maji na matunda ya safari ya kesho yanunuliwe humo humo.

Asubuhi mtachukua treni ya Frankfurt, takriban saa moja na kidogo, kisha mtapanda treni ya moja kwa moja hadi Vienna, inayopita Nuremberg na Passau kwa muda wa zaidi ya saa sita. Angalieni tiketi kwa makini, kwa sababu baadhi ya treni za Frankfurt haziondokei stesheni kuu bali Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto Rhine.

Mwanafunzi wa Munich:
Kwa nini wasisogee hadi Frankfurt na kulala huko, ili asubuhi wasibadili treni hata mara moja?

Mkaazi wa Cologne:
Hoja yako ina uzito, na kwa ratiba pekee Frankfurt inashinda. Lakini eneo lililo mbele ya stesheni ya Frankfurt linajulikana kwa dawa za kulevya na baa za usiku, na ingawa mimi hulipita bila wasiwasi, nisingependa iwe picha ya kwanza ya Ujerumani kwa mama wa mtu. Hoteli kuwa karibu na stesheni ni jambo jema pale tu mtaa wenyewe unapofaa.

Mtumishi wa reli mstaafu:
Naongeza kuhusu tiketi. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati, kwa hiyo pale Frankfurt jiachieni nafasi ya kutosha, hasa mkiwa na mtu asiyeweza kukimbia. La muhimu zaidi, nunueni safari ya Cologne hadi Vienna kwa tiketi moja. Sheria za Umoja wa Ulaya humlinda abiria mwenye tiketi moja ya safari nzima: akikosa treni ya kuunganisha kwa kuchelewa kwa ile ya kwanza, husafirishwa hadi mwisho wa safari, na ikibidi alale, hupewa hoteli inapowezekana. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa euro chache huweza kuikosa haki hiyo.

Mkenya wa Brussels:
Msisahau viza. Nchi zote hizo zimo katika Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha, na ombi hupelekwa Austria mkikaa huko siku nyingi kuliko kwingine. Ukaguzi wa kuingia hufanyika London kabla ya kupanda treni, na afisa ana haki ya kuuliza mtalala wapi, hivyo mama awe na karatasi ya hoteli ya Cologne pamoja na ile ya Vienna. Hakikisheni pia kwamba viza yake ya Uingereza inamruhusu kurudi.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru sana. Tutapita Brussels na kulala Cologne upande wa Breslauer Platz, na Frankfurt nitaacha saa mbili kati ya treni na treni. Mama ameuliza kama Weidengasse wanauza chai ya maziwa.

Mkaazi wa Cologne:
Wanauza chai ya rangi. Maziwa itabidi aombe.